StoryGraph kwa msomaji wa upelelezi na vitabu vya maarifa: nyota 4.25 na nyota 3

Kumbukumbu za riwaya ya upelelezi na za kitabu cha maarifa hazifanani. Kwenye upelelezi unataka kujua ulimshuku nani, ulipofika wapi na kwa nini, kabla mwandishi hajafichua siri. Kwenye maarifa unataka hoja kuu, ushahidi wake na ukurasa wa kurudia. StoryGraph, programu ya kutunza kumbukumbu za usomaji iliyoanzishwa na Nadia Odunayo mwaka 2019, inafaa sana kwa kazi ya kwanza. Ya pili inaifanya nusu tu, kwa hiyo alama zetu ni mbili.

Kilichoipa 4.25 ni shajara yake. Kila unapoandika umefika wapi, unaweza kuongeza maelezo mafupi, nayo yanabaki na tarehe yake. Simama robo ya kitabu, nusu, na robo tatu. Kila kituo andika mambo matatu: mshukiwa wako, dalili moja iliyokufanya umshuku, na jambo moja ambalo bado halina maelezo. Ukishajua jibu, usirudi kuyarekebisha! Kumbukumbu nyingi huharibikia hapo, kwa kuwa anayeandika baada ya kumaliza huwa ameshajiaminisha kwamba alijua tangu mwanzo. Riwaya kumi zikiandikwa hivi, unaanza kuona ni chambo cha aina gani unachokimeza kila mara: shahidi mpole, mrithi mwenye madeni, au saa iliyosimama.

Robo za nyota nazo zina kazi hapa. Goodreads, mtandao mwingine wa wasomaji, inatoa nyota nzima tu, hivyo riwaya yenye fumbo zuri lakini mwisho wa kulazimisha inapata 4 sawa na ile isiyo na kasoro. StoryGraph inakuruhusu kuipa moja 3.75 na nyingine 4.25.

Tatizo la vitabu vya maarifa ni asilimia. Kitabu cha kurasa 400 kinaweza kumalizika ukurasa wa 310, zinazobaki zikawa tanbihi, marejeo na faharasa. Ukifuata asilimia, utaonekana uko asilimia 77 wakati umeshamaliza. Fuata kurasa, na kabla ya kuanza linganisha ISBN (namba ya utambulisho wa toleo la kitabu) ya nakala yako na ya toleo ulilochagua, maana toleo lisilo lako linavuruga hesabu ya kurasa za mwaka mzima. (Riwaya za kielektroniki nazo zina mtego wake: zikiwa na sura ya kuonjesha ya kitabu kinachofuata, hadithi inakwisha kabla ya asilimia 100, na kituo chako cha robo tatu kinachelewa kidogo.)

Lebo za StoryGraph za hali ya kitabu, kama vile "cha kutia giza" au "cha kuelimisha", zinatosha kuchagua cha kusoma baadaye. Kutunza hoja haziwezi. Kwa hilo tumia daftari la A5, ukurasa mmoja kwa kila kitabu. Juu andika swali ambalo kitabu kinajibu na mwaka wa toleo. Katikati andika jibu la mwandishi kwa sentensi moja ya maneno yako, kisha mambo matatu tu, kila moja na namba ya ukurasa. Chini weka dai moja la kuhakikisha kwenye chanzo kingine. Namba ya ukurasa isiyotaja toleo haina faida toleo jipya likitoka.

Kuhamia kutoka Goodreads si kazi ngumu: toa maktaba yako kama faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), kisha lipakie StoryGraph na usubiri foleni. Faili hilo lina nafasi ya tarehe moja tu ya kumaliza kwa kila kitabu, kwa hiyo riwaya ulizozirudia zitahitaji tarehe za zamani ziingizwe kwa mkono. Nakili tarehe hizo pembeni kabla hujafunga akaunti ya zamani.