Laivu ya Kasarani 2022: picha safi, midomo mingi

Bando langu lilikuwa linaisha usiku wa manane nikaona bora nilimalizie kwa kurudia laivu ya kuapishwa kwa Ruto kuwa rais wa Kenya pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, Septemba 13, 2022. Ni ya chaneli moja ya hapa kwetu, jina naliweka kando, na bado iko YouTube nzima nzima. Nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya wapiga kamera.

Kizuri kwanza maana kipo. Kamera za juu zinaonyesha uwanja ulivyofurika asubuhi na mapema, ule unabeba watu kama 60,000 na kulikuwa hakuna pa kutia mguu, na hawakuficha kwamba getini kulikuwa na msukumano hadi watu wakaumia. Wageni wakiingia jina linatokea chini ya skrini, Mama Samia, Museveni, Kagame, yote yameandikwa sawa, na kwa chaneli zetu hiyo si haba.

Sasa njoo kwenye kiapo chenyewe, ndipo damu yangu ilipochemka. Ukitoa maombi na gwaride na hotuba, kuapishwa ni kitu kifupi sana, chai yako haijapoa kimeisha, kwa hiyo dakika hizo chache nyamazeni basi! Anayesoma maneno ili rais ayarudie ni Msajili Mkuu wa Mahakama, siku hiyo alikuwa Anne Amadi, na Jaji Mkuu Martha Koome yuko hapo hapo kwa sababu Katiba inataka rais aape mbele yake na hadharani, mbele ya wananchi. Mtangazaji mmoja anamuuliza mwenzake, huyu mama anayesoma ni nani, mwenzake anajibu nadhani ni jaji. Nadhani! Siku kama hiyo hata karatasi ya majina hamna?

Halafu viapo ni viwili. Cha kwanza ni cha utiifu kwa Jamhuri, kwamba ataitii na kuilinda Katiba, cha pili ni cha kazi yenyewe, kwamba atawatendea wote haki bila woga wala upendeleo wala chuki. Ruto kamaliza cha kwanza tu, Biblia bado iko mkononi, jamaa anapaza sauti "ndugu mtazamaji sasa tuna rais mpya" na wanaanza kupongezana studio, cha pili chote kikapita chini ya kelele zao. Kisheria bado hakuwa ameshika ofisi, lazima aape vyote viwili. Alipoinama kutia sahihi kamera nayo ikaenda kwa watu wanaocheza jukwaani.

Wataniambia nakuza mambo, lakini sisi tuliokuwa wakubwa Desemba 30, 2007 tunakumbuka Kibaki alivyoapishwa jioni, Ikulu, mbele ya watu wachache walioitwa, matokeo hayajamaliza hata saa moja tangu yatangazwe, na ghasia zilizofuata nchini kila mtu anazijua. Baada ya hapo ndiyo Katiba ya 2010 ikaandika hadharani, na sheria ya 2012 ya kushika ofisi ya rais ikaweka hadi masaa, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, yaani mambo ya kuapishana kigiza kikiingia yalipigwa marufuku. Hiyo ndiyo stori niliyotaka mtu wa studio anipe wakati tunasubiri, si suti ya nani imeshonwa wapi.

Na kwa nini ilikuwa Jumanne? Watangazaji walisema siku hiyo imechaguliwa ili maandalizi yakamilike. Wapi! Kesi ya kupinga matokeo ikienda Mahakama ya Juu na ushindi ukathibitishwa, rais anaapa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu uamuzi. Uamuzi ulitoka Septemba 5, hesabu mwenyewe. 2013 ilikuwa Jumanne, 2017 Jumanne.

Pale Uhuru, rais aliyekuwa anaondoka, anamkabidhi Ruto upanga na nakala ya Katiba walinyamaza, sijui ni bahati au maiki ilizimika, na ndicho kipande bora cha video nzima. Uhuru uso mkavu, hawa wawili walikuwa hawaivi chungu kimoja na kumpongeza kwenyewe alimpongeza siku moja kabla, ila upanga akautoa kwa adabu zote na kamera ikakaa karibu bila kutikisika.

Ukitaka kuitazama ruka masaa ya mwanzo yote, nenda moja kwa moja Ruto anaposhika Biblia, kiapo cha pili kisikilize kwa chaneli nyingine isiyo na mdomo, halafu rudi hapa kwa upanga. Kwa wale wa studio, uchaguzi ni Agosti 2027, mna muda wa kusoma Ibara ya 141 ya Katiba, ni fupi.