Kijiji au mtaa: wapi mwananchi ana nguvu zaidi?

Kwa Tanzania, jibu langu ni kijiji, na sababu kubwa ni ardhi.

Kijiji kilichosajiliwa, kupitia halmashauri yake, ni chombo kamili kisheria. Kinamiliki mali, kinashtaki na kushtakiwa. Kina halmashauri yake ya wajumbe 15 hadi 25, inayoweza kupendekeza sheria ndogo, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Juu yake upo mkutano mkuu wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Mtendaji wa kijiji akisimama chini ya mwembe kusoma mapato na matumizi, bibi wa mstari wa nyuma ana haki ya kuuliza fedha za mnada zimekwenda wapi, na ajibiwe.

Mtaa, ulio mjini, una mwenyekiti na kamati ndogo. Viongozi wake huchaguliwa kila miaka mitano, sawa na wa kijiji, lakini mamlaka ya viwanja na mipango miji yako halmashauri ya mji au jiji. Kwenye ofisi ya mtaa utakuta foleni ya barua za utambulisho: ya mkopo, ya dhamana, ya kitambulisho cha taifa. Kazi hiyo ni ya lazima, ila haitoshi.

Uchungu ni pale mji unapokimeza kijiji. Wakazi ni walewale, ila sauti yao juu ya ardhi imehamishwa. Mitaa nayo ipewe bajeti yake, hata ya mitaro na taka tu.