Safari ya siku moja kreta ya Ngorongoro: dereva nyota tano, msosi nyota moja

Tulitokea Karatu, jina la kampuni naliacha maana gari lilichelewa na kwenye lanchi boksi kulikuwa na kuku mkavu kama wa jana, sitaki kesi. Ila dereva wao aisee, yule ndo kafanya niandike hapa.

Tumeshuka kwa barabara ya Seneto, kufika karibu na ziwa Magadi tukakuta simba wamelala kando ya barabara kabisa, dume mmoja kaja kajilaza kwenye kivuli cha gari letu, sie tunapiga picha tunasema mfalme, shababi, sijui nini. Jamaa kazima gari, akasema hawa wote ni ndugu. Mwaka 1962 mvua zilizidi, nzi wanaouma wakazaliana vibaya mno, wakawanyonya simba damu mpaka wakajaa vidonda, kutoka 60 na ushee wakabaki kama 10. Baadae wakaingia madume saba kutoka nje basi, ukoo wa kreta umetokana na simba kama 15 tu.

Mama mmoja akauliza si ina maana waliopona ndo walikuwa imara? Akamjibu labda baadhi mama, ila bahati ilichangia sana. Chota shanga kumi kwenye kopo la rangi ishirini umefumba macho, lazima kuna rangi zitabaki humo. Na vinasaba, yaani vile vya kurithi toka kwa wazazi, ni hivyo hivyo: kilichokuwa adimu kinaweza kuenea kreta nzima kisa tu mwenye nacho alipona, na kizuri kikapotea kisa mwenye nacho alikuwa upande wenye nzi wengi. Na kundi likiwa dogo hivyo, kila kizazi kuna vingine vinadondoka njiani, hata kama havina ubaya wowote.

Nikamuuliza sasa madhara yako wapi mbona wamenenepa hivi? Akasema watafiti miaka ya 80 walipima mbegu za madume wakakuta zenye kasoro ni nyingi kuliko za wenzao wa Serengeti, ambao wako wengi na wanachanganyika. Hapo hata wale waliokuwa wanachati wakaweka simu chini.

Faru tulimuona kwa mbali, kinukta tu, usijipe matumaini makubwa. Pale Ngoitokitok, sehemu ya kupumzikia na kula, kuleni ndani ya gari, mwewe wanapokonya chakula mkononi. Na ada ya kushuka kreta inatozwa kwa gari, so jazeni gari mgawane.