Upasuaji wa tumbo la ng'ombe zizini, Mtwara: uzoefu wangu

Huduma niliyolipia ni kupasua tumbo la kwanza la ng'ombe wa maziwa, akiwa amesimama zizini kwake. Upasuaji naupa 4 kati ya 5. Ufuatiliaji naupa 2.

Dalili zilikuwa za ng'ombe aliyemeza mifuko ya plastiki: ubavu wa kushoto unajaa gesi, unapungua, unajaa tena, na kucheua kumekoma. Daktari hakukimbilia kisu. Alipitisha mpira mdomoni kutoa gesi, akauliza kama ng'ombe amekula mabibo. Msimu wa korosho swali hilo lina maana, kwa sababu mabibo mengi huchachukia tumboni na kuleta asidi, na mara nyingi hiyo hutibika bila kupasua.

Ng'ombe alinyimwa chakula saa 24 na maji saa 12. Ubavu ulinyolewa ukasuguliwa kwa sabuni ya dawa na iodini. Ganzi ilikuwa lignokeini ya asilimia 2, kama mililita 80, ikachomwa kwa umbo la L iliyopinduliwa: nyuma ya mfupa wa ubavu wa mwisho na chini ya mifupa ya mgongo. Mkato ulikuwa wa sentimita 20 hivi, ukapita ngozi, tabaka tatu za misuli na utando wa ndani.

Alama zake alizipatia hapa: kabla ya kutoboa tumbo alilivuta nje akalishona kwenye ngozi pande zote. Anayeruka hatua hii ili awahi kumaliza, uchafu wa tumbo humwagikia ndani, ng'ombe anakufa siku chache baadaye na kisu kinasingiziwa. Ilitoka mifuko ya plastiki (imepigwa marufuku tangu Juni 2019, ila ng'ombe hana habari), kamba, na nyuzi za magunia ya korosho zilizosokotana kama jamvi. Kisha akapeleka mkono mbele, hadi tumbo la pili, kusaka misumari. Tumbo likafungwa kwa mishono miwili ya kukunjia ndani, kwa uzi unaoyeyuka, likaoshwa. Glovu na vifaa vikabadilishwa ndipo akagusa misuli.

Ufuatiliaji sasa. Aliacha sindano za antibiotiki za siku 3, wakati kazi ya namna hii inataka angalau 5. Hakusema lolote kuhusu maziwa, na hayo hayauzwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Dawa ya kufukuza nzi hakuiacha pia, na kwa joto la huku kidonda kilicho wazi hakichelewi kuingia funza. Maji ya tumbo la ng'ombe mwenye afya kutoka machinjioni, lita 5 hadi 10, yakichujwa na kunyweshwa yakiwa bado na joto, hurudisha vijidudu vya kumeng'enya. Hilo nililiagiza mwenyewe.

Nyuzi za ngozi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Ulizeni mapema kama safari hiyo imo kwenye bei. Yangu haikuwemo.