Seti ya kontrola ya kupikia bia nyumbani: uzoefu wangu wa kuiunga kwa umeme wa Mtwara

Kontrola yenyewe, yaani kifaa kinachoshikilia joto la sufuria, ni nzuri. Sensa ni nzuri. Boksi limetobolewa mahali panapotakiwa na skrubu hazikupungua hata moja. Tatizo ni kwamba sehemu yote inayobeba umeme mkubwa imetengenezwa kwa nyumba za Marekani. Ukifuata karatasi ya maelekezo ya seti mstari kwa mstari hapa Mtwara, utaunguza vifaa ndani ya dakika chache, na ukikosa bahati utanaswa na umeme. Nimeiunga, nimeibadilisha, na sasa inafanya kazi vizuri, kwa hiyo naandika nini kilibaki na nini nilitupa.

Ndani ya katoni kuna boksi la plastiki gumu, kontrola ya PID (inayosoma joto na kurekebisha hita yenyewe) yenye namba mbili (ya juu joto lililopo, ya chini joto unalolitaka), rilei ya SSR (swichi ya kielektroniki) ya ampea 40 na kipoza chake cha alumini, kontakta (swichi nzito inayovutwa na koili), swichi ya ufunguo, kitufe chekundu cha dharura, taa mbili za ishara, sensa ya joto ya PT100, hita ya wati 5,500 na furushi la waya. Breka haimo. RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) haimo. Hivyo viwili ni lazima ununue.

Tuanze na waya, maana hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko yote. Nyumba ya Marekani huingiziwa laini mbili za volti 120 kila moja, na kati ya hizo mbili unapata 240. Ndiyo maana mchoro wa seti una waya nne: nyeusi na nyekundu ni laini zote mbili, nyeupe ni nyutro, kijani ni ethi. Kwetu ni laini moja ya volti 230 na nyutro yake. Nyumba za zamani za Mikindani na Mtwara mjini utakuta nyekundu ndiyo laini na nyeusi ndiyo nyutro. Nyumba mpya, kahawia ni laini na buluu ni nyutro. Sasa tazama: nyeusi ya kwao ina moto, nyeusi ya kwetu ya zamani haina. Fundi akifungua boksi hilo mwaka kesho kutafuta hitilafu, atashika nyeusi akijua ni nyutro. Mimi nilitoa waya zote za furushi na kuweka za kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Usiseme utakumbuka. Badilisha.

Kwenye mchoro, kila kifaa kilichofungwa kati ya nyeusi na nyeupe ni kifaa cha volti 120. Kwenye seti yangu vilikuwa vitatu: koili ya kontakta na zile taa mbili. Soma maandishi madogo pembeni ya teminali A1 na A2 za kontakta. Ikiwa yameandikwa 120V, ukiipa 230 itanguruma, itanuka, kisha plastiki yake italainika. Nunua kontakta ya ampea 25 yenye koili ya 230V, na taa za 230V. Maduka ya vifaa vya umeme mjini huwa nazo. PID haina shida, kwa kuwa ubavuni imeandikwa 100–240V.

Hita nayo inahitaji hesabu kabla ya kuifunga. Wati 5,500 ni kwa volti 240, na ukinzani wake ni omu 10.5 hivi. Kwa volti 230 itavuta karibu ampea 22. Plagi ya soketi yetu ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13, yaani haizidi wati 2,990, na ukiivutisha ampea 13 saa nzima plagi yenyewe inapata moto hadi mikononi. Nilichofanya ni kuiweka hita ile kando na kufunga ya wati 3,000 ya chuma cha pua, kwenye njia yake peke yake: breka ya pole mbili (inayokata laini na nyutro pamoja) ya ampea 20, waya wa milimita 4 za mraba kutoka meni swichi, bila soketi katikati. Kazi ya kutoa njia mpya kwenye meni swichi mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Ekstensheni usiiguse kabisa kwa kazi hii.

Wati 3,000 zinatosha? Kwa sufuria ya lita 30, ndiyo. Kupandisha lita 30 kutoka digrii 28 hadi 66 kunakula uniti 1.3 za LUKU. Kutoka 28 hadi kuchemka uniti 2.5, yaani dakika 50 kama hakuna joto linalopotea. Kwa kuwa sufuria hupoteza joto, weka saa moja na robo. Lizungushie blanketi la zamani nje, mbali na teminali za hita, utaona tofauti kwenye uniti. Jambo la kujua: nguvu ya hita hushuka kwa mraba wa volti. Jioni umeme ukishuka hadi volti 190, hita yako ya 3,000 inabaki 2,050 tu. Kontakta nayo ikianza kunguruma au kugongagonga wakati huo, zima, subiri. Mdomo wake unapocheza hivyo huungua. Mimi huanza kupika asubuhi.

Nilivyopanga njia ya umeme ni hivi. Laini na nyutro zinatoka breka zikaingia RCCB ya miliampea 30, kisha zote mbili zinapita kontakta. Baada ya kontakta, laini inaingia teminali namba 1 ya SSR, inatoka namba 2 kwenda hita. Nyutro inakwenda hita moja kwa moja. Kabla ya kontakta nimechepusha laini ndogo yenye fyuzi ya ampea 2: hiyo inalisha PID, na pia inapita kitufe cha dharura, swichi ya ufunguo na mguso wa alamu wa PID, ndipo inafika A1 ya kontakta. Alamu nimeiweka juu ya joto la kazi kwa digrii 5, na nimehakikisha kwa mita kuwa mguso unafunguka alamu ikilia, maana nyingine zinafanya kinyume. Sufuria, mfuniko wa boksi kama ni wa bati, na kipoza cha SSR, vyote vina waya wa ethi. RCCB bila ethi nzuri na sufuria lenye maji ni mchezo wa kifo, na kitufe cha T, kinachojaribu RCCB yenyewe tu, kibonyeze kila kabla ya kupika.

Kwa nini kontakta, wakati SSR inazima na kuwasha yenyewe? Kwa sababu SSR ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imefunga, yaani hita inabaki inawaka hata PID ikisema zima. Hapo kitu pekee cha kukata ni kontakta.

Na hapa mafundi wengi hudanganyika: ukipima SSR kwa mita bila hita kufungwa, utaona volti karibu 230 upande wa pili hata ikiwa imezimwa. Si mbovu. Inavujisha miliampea chache, na mita ya kidijitali haivuti chochote, kwa hiyo inaonyesha volti tupu. Funga hita au taa ya uzi ya wati 60, pima tena, itashuka. Upande wa pili wa hoja hiyo: usishike teminali za hita eti kwa kuwa PID imezima. Kata breka kwanza.

SSR hupoteza kama volti moja na kidogo ndani yake, kwa hiyo kwa ampea 13 inatoa joto la wati 15 hivi muda wote. Ndani ya boksi lililofungwa, na hewa yetu ya digrii 30, inatosha kuiua. Nilitoboa mgongo wa boksi nikaweka kipoza nje, mapezi yakiwa wima ili hewa ipande, na katikati ya SSR na alumini nikapaka pesti ya joto nyembamba kama rangi ya kucha. Pesti nyingi ni kosa sawa na kukosa pesti. SSR iliyoandikwa 40A ukiipata kwa bei ya kutupa, ihesabu kuwa ni ya ampea 15. Ya akiba niliagiza Kariakoo ikaja kwa basi.

Sensa ya PT100 ina waya tatu: mbili rangi moja, moja tofauti. Kati ya zile mbili mita isome karibu sifuri. Kati ya yoyote na ile ya tatu, kwa hewa ya digrii 28, isome omu 111 hivi. Ikisoma nje ya hapo, sensa au kiungo chake kina kasoro. Waya wa sensa usiufunge pamoja na waya wa hita. Kama lazima vipishane, vipishane kama msalaba. Ukivilaza sambamba namba zitachezacheza digrii mbili tatu. Kisha ijaribu: barafu iliyopondwa kwenye kikombe, maji kidogo, koroga, isome 0, maji yanayochemka yasome 100. Hapa pwani 100 ni 100. Aliye Newala, juu ya nyanda za Makonde, atakuta maji yanachemka digrii mbili hivi chini yake, asije akaisahihisha sensa nzuri.

Ukiwasha mara ya kwanza PID itaandika 82 ikiwa juu ya meza. Usishtuke, ni Farenhaiti. Badilisha iwe C kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine. Halafu mzunguko wa kutoa, yaani muda wa duru moja ya kuwasha na kuzima: kwa SSR weka sekunde 2, seti yangu ilikuja na 20, ambayo ni ya rilei ya kawaida, na joto lilikuwa likipitiliza digrii 3. Zoezi la PID kujifunza lenyewe lifanyike na sufuria lenye maji kiasi kile kile utakachopikia, joto liwe 65, pampu au mwiko ukizungusha. Ukiifundisha kwa lita 10 kisha ukapika lita 30, itapapasa. Kwa kuchemsha, usitegemee PID: iweke kwenye hali ya mkono, asilimia 65 hadi 70 ya nguvu ya hita. Kontrola isiyo na hali ya mkono singeinunua.

Mabomba yana mtego mmoja. Nyuzi za seti ni za Kimarekani, za madukani kwetu ni BSP, yaani za Kiingereza. Sensa ya nusu inchi itaingia kwenye soketi ya BSP mizunguko michache, na kwa tepu ya tefloni nyingi itazuia maji. Ya inchi moja haikubali, nyuzi zao ni 11 na nusu kwa inchi na zetu 11; ukilazimisha unakata nyuzi. Tumia nati iliyokuja na hita yenyewe, na mpira wa silikoni upande wa ndani.

Kwa wanaopikia mtama: wanga wake huiva kwenye joto la juu kuliko wa shayiri, kati ya 68 na 78 hivi, na joto hilo ndilo linaloua vimeng'enya vya kimea, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Kwa hiyo nachanganya kimea na maji kwenye digrii 45, naacha kitulie, nachota maji meupe ya juu na kuyaweka pembeni, kwa kuwa vimeng'enya vimo humo. Uji mzito naupika kwenye jiko la mkaa hadi uive vizuri, unapoa hadi 65, ndipo narudisha yale maji na kuiachia kontrola ishike 65 kwa saa moja na nusu. Uji usipikiwe juu ya hita. Unaganda kwenye chuma, unaungua, na ladha ya moshi haitoki tena. Kimea kikae ndani ya mfuko wa kitambaa juu ya hita, na hita izungukwe na maji matupu. Hita ikiwaka nje ya maji hata kwa muda mfupi inaweza kuungua.

Msimu wa mabibo seti hii inanipa faida zaidi kuliko bia. Bibo halilali; likianguka asubuhi kesho limeshachacha. Juisi iliyochujwa naishikilia kwenye 75 kwa dakika 15 na kuijaza chupa ikiwa moto, bila kuungua chini. Ila kila kinachogusa juisi kiwe chuma cha pua. Ukali wa bibo ukikutana na chuma cha kawaida au kutu, juisi inageuka nyeusi kama wino. Na asiyejua ajue: kukeneka gongo bila leseni ni kosa la kisheria, seti hii haikuundwa kwa hilo.

Kuna wanaouliza kama PID hii inaweza kuendesha friji ya kuchachushia, maana hamira ya bia inataka digrii 18 hadi 22 na nyumba zetu ni 28. Haiwezi. Kuwasha na kuzima kila sekunde 2 kutaua kompresa. Nunua kontrola rahisi ya rilei yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5.

Mwisho ni hewa ya chumvi. Kwa anayekaa Shangani, teminali za shaba huota kijani ndani ya miezi michache. Glendi (vishikio vya kupitishia waya kwenye boksi) zote zitazame chini, pakiti ya silika iwe ndani ya boksi, na ncha za waya wa nyuzi nyingi zivishwe vichwa vya kubana, zisiachwe wazi chini ya skrubu. Baada ya kupika mara ya kwanza, kata breka, kaza kila skrubu upya. Kwangu tatu zilizunguka robo nzima, na ile ya nyutro ya hita ilikuwa imeanza kubadilika rangi.