Tathmini ya kozi fupi ya kukereza vyuma kwa mashine za CNC, Dodoma

Karakana yetu iliyopo Kizota huchonga vipuri vya mashine za kukamua alizeti, na shafti za parafujo, ambazo husagika kila msimu, tumekuwa tukizikereza kwa mashine ya kuongozwa kwa mkono. Ndiyo maana niliwalipia vijana wangu wawili kozi fupi ya CNC, yaani mashine zinazoongozwa na kompyuta, katika chuo kimoja cha ufundi hapa Dodoma. Mmoja ana uzoefu wa miaka kadhaa wa kukereza. Mwingine ametoka kidato cha nne, na hakuwahi kushika hata tupa.

Kilichonifurahisha zaidi ni somo la upimaji. Mwalimu hakuwaruhusu kuigusa kompyuta kabla hawajaweza kusoma maikromita (kifaa cha kupimia unene wa kipuri) hadi sehemu moja ya mia ya milimita, na aliwaonyesha jambo ambalo mafundi wengi wa mjini hulipuuza: kipande cha chuma chenye urefu wa milimita 100 hurefuka kwa takriban sehemu hiyo hiyo moja ya mia ya milimita joto lake likipanda kwa nyuzi 10. Kwa mji wenye asubuhi ya baridi na mchana mkali kama huu, kipuri kilichopimwa kikiwa bado cha moto kutokana na kukatwa kinaweza kukataliwa na mteja kesho yake. Somo hilo peke yake, kwa maoni yangu, linastahili nusu ya ada.

Upande wa mashine hauridhishi. Ipo moja tu, darasa zima huisubiri kwa zamu, na muda mwingi hutumika kuandika programu kwenye kompyuta za mezani na kutazama mkato wa kuigiza. Kuigiza humfundisha mwanafunzi kwamba amri ya G00 husogeza kisu kwa kasi bila kukata na kwamba G01 hukata kwa mstari ulionyooka, lakini hakumfundishi kusikia sauti ya kisu kilichoanza kubutuka, wala kuianzisha upya mashine salama baada ya umeme kukatika katikati ya kazi (na umeme ulikatika).

Kijana mzoefu amerudi akiandika programu zake mwenyewe, kwa kuwa tayari aliujua mwenendo wa chuma. Mwenzake amerudi na cheti na msamiati. Sidhani kosa ni lake. Kozi ya aina hii ingefungamanishwa na kiwanda, kwa mtindo wa uanagenzi ambao VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa nao kwa baadhi ya fani, angepata saa za mashine ambazo chuo hakiwezi kumpa. Ajabu ni kwamba viwanda vinazidi kuelekezwa Nala, mwendo mfupi kutoka mjini, na hakuna ziara hata moja iliyopangwa.

Ninaipendekeza kozi kwa fundi aliyekwisha kukereza kwa mkono. Kwa anayeanza, VETA au chuo chochote chenye kozi ndefu ya ufundi wa mitambo kitamfaa zaidi kwanza. Kabla ya kulipa, omba uonyeshwe ratiba ya saa za mashine kwa kila mwanafunzi, na uulize kama chuo kina jenereta inayoweza kuendesha umeme wa fezi tatu.