An Ideal Husband jukwaani London: chagua kiti kwanza, siku baadaye

Tamthilia hii ya Oscar Wilde ilioneshwa mara ya kwanza Januari 3, 1895, katika ukumbi wa Haymarket, London. Hii niliyoitazama imerudishwa katika ukumbi mwingine wa kale mjini humohumo: viti vya mahameli, roshani tatu zilizopinda kama mwezi mchanga, na nguzo nyembamba za chuma zinazozibeba. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotelea kwenye barua, nitaeleza.

Kiti kwanza. Tendo la kwanza linafunguka na ngazi kubwa, Lady Chiltern, mke wa mwanasiasa Sir Robert Chiltern, amesimama juu kabisa akipokea wageni. Ukikaa chini, safu za nyuma, roshani ya kwanza inakukingia: unaona viatu na mikia ya magauni tu, yeye mwenyewe humwoni mpaka ateremke. Hilo ni pengo kubwa, maana mwandishi kamweka juu ya wote kwa makusudi; mke anayemwona mumewe hana doa lazima aanzie pale. Safu ya mbele ya roshani ya kwanza, katikati, ndiyo inayofaa. Roshani ya juu ni nafuu na sauti hufika vizuri, ila lifti hakuna na magoti hayana nafasi. Tiketi ikiandikwa kwamba kiti kina kizuizi, amini. Ni nguzo.

Waigizaji hawatumii maikrofoni, na wengi wanamudu. Shida ni vicheko: hadhira ikicheka, sentensi inayofuata humezwa, na kwa Wilde mara nyingi hiyo ndiyo iliyobeba habari. Habari yenyewe ni nzito. Sir Robert Chiltern, alipokuwa katibu wa waziri, aliuza siri ya serikali kuhusu hisa za Mfereji wa Suez, na Mrs Cheveley, anayemtisha kwa siri hiyo, anayo barua inayothibitisha. (Uingereza ilinunua hisa hizo kweli mwaka 1875, kutoka kwa mtawala wa Misri, Khedive Ismail, kwa hiyo watazamaji wa 1895 waliielewa papo hapo.) Mwigizaji wa Lord Goring, rafiki wa akina Chiltern, anajua kusubiri: anaacha kicheko kipande, kianze kushuka, ndipo anasema, kabla ukumbi haujapoa. Wa Sir Robert anawahi mno, na jina la Baron Arnheim, aliyeinunua siri ile, likapita bila kusikika.

Tendo la tatu ni la kulipia tiketi peke yake. Pambo la kifuani, nyoka wa almasi mwenye rubi, linageuzwa bangili na Lord Goring analifunga mkononi mwa Mrs Cheveley, aliyeliiba zamani na asiyejua kifungo chake kilikofichwa. Kifaa hiki huharibu maonesho mengi: kikiwa chembamba hakionekani kutoka juu, kikiwa kigumu mwigizaji hukifunga kwa mikono miwili na mtego unakufa. Hapa wamekifanya kipana kama vidole viwili, kinafungwa kwa mkono mmoja, na mlio wake mdogo unasikika. Mwigizaji anaanza kukivua akitabasamu, kisha anakizungusha, kisha anakikwaruza kwa kucha huku shingo ikimkakamaa. Hakuna muziki. Ni kucha na chuma tu, na ukumbi mzima kimya. Hata kiti kinachoanguka chumba cha pili, aliko Mrs Cheveley, ni kiti halisi kilichoangushwa nyuma ya mlango, hakitoki kwenye spika, na ndiyo maana Sir Robert anageuka upande ule bila kubahatisha.

Sasa barua, si ile ya Suez bali ya Lady Chiltern kwa Lord Goring. Yeye huandika kwenye karatasi ya rangi ya waridi, na rangi hiyo ndiyo inayotuwezesha kuifuata kutoka mkono hadi mkono mpaka tendo la nne. Taa zimetiwa manjano iliyokolea ili kuiga mwanga wa mishumaa, na waridi hafifu chini ya manjano hufifia ikawa kama karatasi yoyote. Aliyeketi mbali hawezi kujua ni barua ipi imeibiwa mezani. Dawa si ngumu: karatasi ya waridi iliyokolea zaidi, au taa moja nyeupe juu ya meza ya kuandikia.

Mapumziko ni mamoja, baada ya tendo la pili. Tendo la nne linarudi chumba kilekile cha la pili, hivyo kubadilisha mandhari hakuchoshi. Vyoo ni vichache na foleni hujaa ngazini haraka. Aliye roshani ya juu ateremke pazia linapogusa sakafu.